Sanduku la Kisima cha Bagbazar

Nripen Hazra alikuwa mwongoza wageni katika jiji la Kolkata, kazi aliyojipa mwenyewe bila kumsumbua ofisa yeyote kwa habari za kibali. Mali yake ilikuwa koti moja safi, skuta moja ya kijani, na ulimi ambao, kwa maneno ya mama mkwe wake, ungeweza kumuuzia kinyozi nywele alizotoka kuzifagia.

Asubuhi moja alikuwa amesimama kwenye kibanda cha chai Shyambazar, kikombe cha udongo mkononi, alipomsikia mwanamume mnene mwenye pete tano akimlalamikia muuza chai. Mtu huyo aliitwa Bhabatosh Kundu, mwenye kiwanda cha feni.

"Wageni wangu wanafika Jumamosi kutoka Singapore," Kundu alisema, "na shemeji yangu ameshanimaliza. Kila mgeni anayekuja kwetu anamchukua yeye, anamwonyesha kitu cha ajabu, halafu chakula kizima ni shemeji huku, shemeji kule. Samaki nanunua mimi, sifa anakula yeye."

Nripen akashusha kikombe. Wako watu wanaonusa mvua kabla ya wingu. Yeye alinusa wivu, hasa ule unaotembea na pochi nene.

"Samahani, kaka," alisema. "Umefikiria kuwapeleka kwenye hekalu la Wachina kule Tangra, mungu wa kike Kali anakotolewa sadaka ya tambi?"

"Shemeji aliwapeleka wengine mwaka juzi. Wakazila na tambi zenyewe."

"Sinagogi linalotunzwa na Waislamu, baba akimwachia mwana?"

"Mwaka jana."

"Wafinyanzi wa Kumartuli, wanaoomba udongo mlangoni kwa makahaba ili kuuchanganya kwenye sanamu ya Mama Durga?"

"Hilo alilisimulia mezani, mbele ya mama yangu. Mama hajapona mpaka leo."

Yote matatu yalikuwa kweli tupu, na kwa mara nyingine Nripen akaona jinsi ukweli ulivyo biashara mbovu: kila mtu anao, na haupandi bei. Akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Basi kisima cha Bagbazar hujakisikia."

Kundu hakuwa amekisikia. Hata Nripen hakuwa amekisikia mpaka dakika ile. Lakini mdomo ulikuwa umeshatoka mbio, na mwenyewe akaufuata nyuma kwa shauku ya kujua unakoelekea. Ndani ya nyumba moja ya kale, alieleza, kuna kisima kinachopumua. Mto Hooghly ukijaa, nacho kinajaa. Mto ukipwa, kinapwa. Na chini yake, chini kabisa, mfanyabiashara mmoja wa Kiarmenia aliyekimbia wadai wake alizamisha sanduku, na hakuna aliyeligusa kwa miaka mia mbili.

Kundu alisahau chai yake. "Shemeji anakijua?"

"Kaka, hata mto wenyewe haukijui vizuri."

Kianzio cha malipo kilitolewa palepale, kikakunjwa, kikaingia kwenye koti safi. Sasa kilichobaki kilikuwa jambo dogo tu, kukipata hicho kisima.

Nripen alizunguka vichochoro vya Bagbazar siku mbili, akichungulia nyua za watu kama fundi wa mita. Siku ya tatu akaona lango lililopinda, na nyuma yake ua wenye nguzo zilizobanduka rangi. Katikati palikuwa na kisima kipana cha matofali, chenye ngazi za kushukia na maji meusi kama wino. Kando yake alisimama mwanamke mwembamba wa miaka sabini na ushee, sari yake nyeupe ameichomeka kiunoni, ndoo mbili miguuni. Alikuwa ametoka kuteka kwenye bomba la barabarani. Huyo ndiye Hemnalini Lahiri, mjane, mwenye nyumba.

"Shangazi," Nripen alisema, akaziinua zile ndoo kabla hajaombwa, "mama wa heshima kama wewe anabeba maji na kisima kiko uani?"

"Kisima kimejaa tope tangu mafuriko ya mwaka sabini na nane. Nimeita mafundi watatu. Wanakitazama, wananitazama mimi, wanataja bei, wananiacha nacheka peke yangu. Wewe unauza nini?"

Nripen alikuwa na uwongo mzuri tayari, wa chuo kikuu na utafiti. Lakini yale macho yalimpima kama muuza samaki apimavyo noti mpya, naye kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akaamua kusema kweli. Alieleza kila kitu: Kundu, wageni, mto, sanduku.

Mama Hemnalini alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo Mwarmenia aliitwa nani?"

"Sijampa jina bado."

"Mwongo asiyetaja majina ni mwongo maskini, mwanangu. Mwite Khachik. Alikuwa na mguu mmoja mfupi."

"Kwa nini mfupi?"

"Kwa sababu hakuna atakayedhani umeubuni."

Pesa alizikataa. Alitaka samaki mmoja wa mtoni, yule aitwaye ilish, kwa kila ziara, jike, mwenye mayai, na asiwe wa jana. Nripen aliondoka akipiga mluzi. Aliona amempata mwanamke wa kumtumia.

Jumamosi alasiri Kundu alifika na wageni wake wawili, mume na mke, wote na kofia. Nripen alisimulia kwa ufundi, lakini aliyewateka wageni alikuwa mjane. Alikaa kwenye ngazi ya juu, akainama, akautazama ule weusi.

"Mume wangu alishusha mwanzi humu mara moja," alisema hatimaye, pole kabisa, kama anayejisemea. "Ukagonga kitu. Si jiwe. Jiwe halitoi sauti ile." Akajifuta jicho kwa upindo wa sari. "Tuliacha. Marehemu mama mkwe alikataza."

Hilo halikuwa kwenye makubaliano. Mke wa mgeni alimshika mkono. Kundu alipumua kwa pua kama fahali, na Nripen, aliyesimama nyuma, alijikuta ameinama kuchungulia. Alijikemea. Ni mwigizaji mzuri tu huyu bibi.

Wageni walipokwishaondoka alibaki kumpongeza. Mjane alikuwa jikoni akimpara samaki.

"Ule mwanzi, shangazi. Umeutoa wapi? Nimetetemeka mwenyewe."

"Mwanzi upi?" Kisha, haraka mno, "Ah, ule. Ndiyo. Nimeubuni."

Akageuka kutafuta chumvi. Nripen akaona, kwenye rafu juu ya mitungi, kijiko cha fedha kilichoingia weusi, mpini wake una herufi za mapambo. Alikichukua.

"Kiache hicho," mjane alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kilipanda na ndoo mwaka ule wa mafuriko. Usimwambie mtu."

Hapo ndipo tunapoweza kumwona Nripen Hazra akivuka mstari ambao alikuwa amewavusha watu wengi sana. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba Khachik ni jina lililotungwa juzi, tena na kikongwe mwenye ndoo. Alipofika Shyambazar alikuwa anajiambia kwamba Waarmenia waliishi kweli Kolkata, hilo hakuna anayelibisha, na walikuwa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wana masanduku. Alipofika mlangoni kwake alikuwa anajiuliza sanduku lenyewe lina uzito gani.

Jumanne mjane alimwita.

"Kundu wako amekuja peke yake," alisema. "Anataka kuleta pampu na vibarua kumi Jumatatu ijayo. Ati anataka kunisaidia kusafisha. Tangu lini mwenye feni akapenda tope? Nimemwambia nitafikiri."

Nripen akasogeza kigoda karibu. "Na ukishafikiri?"

"Mimi mzee, mwanangu. Sanduku liwepo, lisiwepo, nitalipeleka wapi? Ila nikiamua kugawana na mtu nusu kwa nusu, heri awe mwenye adabu, aliyenibebea ndoo."

Nripen alimshika miguu kama mwana amwombaye mama radhi, na jioni hiyohiyo alikwenda kiwandani kwa Kundu na uso wa msibani. Serikali ya jiji, alimweleza, imepiga marufuku kile kisima. Kuna hewa yenye sumu, paka wawili wamekufa, na jamaa wa nyumba ya tatu anaona mara mbilimbili. Kundu alisikitika sana, hasa kwa yule jamaa.

Kisha Nripen aliuza skuta. Akakodi pampu, akaajiri vibarua wawili, akawaachisha kazi siku ya pili kwa kuogopa macho yao, akavua koti safi na kuingia mwenyewe. Wahenga walishamwonya mchimba kisima. Mzoa tope walimsahau.

Siku ya kwanza mjane alikuja na wazo. "Ngazi hizi zimeoza. Sanduku la dhahabu litapandaje hapa?" Nripen akaona ni kweli, akanunua matofali na saruji, akazijenga upya. Siku ya tatu alimwuliza kama lile lango lililopinda litapitisha mkokoteni. Halikuweza kupitisha. Akaita mchomea vyuma. Siku ya nne aliuliza kama majirani hawatachungulia kupitia ule ufa wa ukuta, na ufa ukazibwa, na kwa kuwa kiraka kilionekana vibaya, ukuta mzima ukapakwa chokaa.

"Unafanya kazi vizuri," alimwambia kutoka kwenye kiti chake cha mianzi. "Mafundi wale watatu walikuwa wavivu."

Vitu vilipanda kutoka kwenye tope. Kengele ya baiskeli. Birika la shaba lisilo na mkono. Meno ya bandia, ambayo mjane aliyapokea kwa utulivu, akasema marehemu mume wake aliyatafuta miezi minane na kumsingizia mtumishi. Halafu kijiko cha fedha, mpini una herufi. Nripen alipiga magoti ndani ya maji na kumshukuru kila mungu aliyewahi kumuuza. Kikaja cha pili, cha tatu. Kufikia adhuhuri ya siku ya sita alikuwa na vijiko kumi na kimoja vilivyofanana kama mapacha, na kwenye mipini yote, alipoisugua kwa kidole gumba, herufi zilikuwa za Kibengali. Zilisomeka: Lahiri.

Aliendelea kuchimba. Mtu aliyekwisha kuuza skuta yake hawezi kusimama kwa sababu ya herufi. Saa kumi alasiri koleo liligonga kitu kigumu, likatoa sauti. Akafuta kwa mikono yote miwili. Matofali. Akafuta upande wa pili. Matofali. Sakafu nzima ya kisima ilikuwa mbele yake, nyekundu, imepangwa vizuri, tupu, na katikati kijito cha maji safi kikaanza kububujika taratibu kutoka kwenye tundu lililozibwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mjane alikuwa juu, anasoma gazeti.

"Umefika chini?" aliuliza.

"Nimefika."

"Vizuri. Toka, maji yanapanda."

"Shangazi, hivi vijiko."

"Vya harusi yangu. Dazeni moja. Mama mkwe alivitupa humo siku niliyojibu kwamba mchuzi wake una chumvi. Kimoja tu nilikidaka."

Nripen alisimama maji yakimfika magotini, tope limemkauka nyusini. "Sanduku liko wapi?"

Mama Hemnalini alikunja gazeti, akamtazama bila kejeli, karibu kwa huruma. "Sanduku ulilitia wewe, mwanangu. Mimi nimeongeza kijiko."

Hakuna polisi wa kumpelekea shauri kama lile. Angeanza kulieleza wapi? Nripen aliondoka kwa miguu, na kwa wiki tatu hakuonekana Bagbazar wala Shyambazar.

Aliporudi ilikuwa Jumapili, na watu walikuwa wamejipanga nje ya lango jipya. Mbele kabisa alisimama Kundu na pete zake, kando yake bwana mmoja mwenye sura ya mtu aliyeshindwa, ambaye bila shaka ndiye shemeji. Mpwa wa mjane alikaa mezani akikata tiketi. Nripen alishusha kofia usoni, akakata moja kama wengine, akaingia na kujificha nyuma ya nguzo.

Ua uling'aa. Maji ya kisima yalikuwa angavu, mtu angeweza kuhesabu matofali ya chini. Mama Hemnalini alikaa kwenye ngazi ya juu, na hakusema neno juu ya mto wala Mwarmenia. Alisimulia habari za mtu mmoja wa jiji hili hili, aliyetunga sanduku ili kuwauzia wenzake, akalisimulia vizuri kiasi cha kuliamini, akauza alichokuwa nacho na kulichimba kwa mikono yake. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Shemeji alicheka kwa kujilazimisha.

"Na huyo mtu, mama," mwanamke mmoja aliuliza, akijifuta machozi, "yuko wapi sasa?"

Mjane aliutazama umati polepole. Macho yake yalipita kwenye nguzo, yakatua juu ya kofia, yakakaa hapo kidogo.

"Alikufa," alisema. "Siku ileile, kwa aibu. Hapo uliposimama."

Mwanamke akaruka pembeni. Kundu alivua viatu kwa heshima, na mtu fulani akaanza sala. Nripen alifungua mdomo ili apinge. Kisha akaufunga, kwa sababu alikuwa fundi wa kazi ile, na aliona wazi kwamba mwisho haukubali vinginevyo. Akainamisha kichwa pamoja na wengine, akamwombea marehemu.