Kidole Tumbo Changu Chini ya Darubini

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano

Kingamwili zimefika maabara! Vichupa viwili, vidogo kama vya manukato. Cha kwanza kinashika nyuzi za neva. Cha pili kinashika zile chembe zenye tabia mbili, zinazopokea amri kama neva na kutoa homoni kama tezi. Zikishikwa, tunazitia rangi, zinakuwa kahawia.

Docteur Martine, mkuu wetu, amesema kila nyama ya mgonjwa itapakwa pamoja na kipande kizima, kisicho na ugonjwa, cha kulinganisha, chenye neva na chembe hizo. Kisipogeuka kahawia, dawa imelala. Kinachofaa ni kidole tumbo. Kimoja tu, kikiwekwa ndani ya nta, kitakatwa miaka na miaka.

Niliona mbali papo hapo. Wagonjwa wote, toka Kambove mpaka Kapolowe, watapimwa kando ya kidole tumbo kimoja. Kitakuwa changu!

Jumanne, tarehe 6

Orpha, fundi mwenzangu, ameniwahi. Binamu yake Rolly alitolewa kidole tumbo mwezi jana, kikakutwa kizima, na amekubali kitumike. Rolly! Mtu anayekoroma misani!

Nikaenda mbio kwa Docteur Casimir, mpasuaji. Nikajikunja, nikashika ubavu. Nikamwambia, “Docteur, tumbo inaniluma sana.” Akasema kidole tumbo kiko kuume. Nikahamisha mkono. Akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Kufika mchana hata mlinzi wa getini ananiuliza ni upande gani. Watu hawana haya. Maabara tunapokea vidole tumbo ndani ya kopo. Kopo halina kuume wala kushoto.

Alhamisi, tarehe 8

Mpango mpya. Nilimweleza Docteur Martine kwamba neva za mtu mvivu hazishiki rangi. Akajibu neva hazijui uvivu.

Orpha akapaka cha Rolly. Nyuzi zikatoka kahawia, nyembamba, safi. Wote wakapanga mstari kwenye darubini. Nilipiga makofi. Kwa vidole viwili.

Ijumaa, tarehe 9 (naandika nimelala)

Alfajiri tumbo likaniuma kitovuni, kisha likahamia kuume. Kweli kabisa! Fatu, mke wangu, alikuwa ameshasikia habari zangu. Akanipa ufagio. “Weye Yunus, hiyo tumbo yako ya maabara, iache ku maabara!”

Kisha nikatapika juu ya sahani ya bukari, ugali wetu. Hapo akapiga kelele, majirani wakaleta pikipiki.

Docteur Casimir alibonyeza, akaachia. Nikalia kama mtoto. Hakucheka. Akasema tunapasua sasa hivi. Orpha alikuja akanishika mkono mpaka mlangoni. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Neno langu la mwisho kabla ya usingizi: wasikitupe!

Jumatano, tarehe 14

Docteur Martine amekuja nyumbani. Akaketi. Mkuu haketi bure.

“Papa Yunus, tuko na kitu tumeona.”

Kwenye ncha ya kidole tumbo changu kuna uvimbe kama punje ya mchele. Orpha ndiye aliyeutilia shaka, akaupaka kichupa cha pili. Wote ukawa kahawia. Zile chembe zenye tabia mbili zimejaa, zimebanana, zimeota bila ruhusa. Fatu akasimama. Nikauliza kama nitakufa.

Akasema hapana. Ni mdogo, kingo ni safi, umetoka wote pamoja na kidole tumbo. Ungebaki, siku moja ungeweza kutembea mpaka ini. “Umepona,” akasema.

Fatu alinikumbatia mpaka nyuzi za kidonda zikalalamika. Tulilia wote wawili. Hapa naweza kuandika, Orpha hasomi daftari hili.

Jumamosi, tarehe 17

Nimeenda maabara polepole, mkono tumboni. Nimetazama. Ee Mungu, uzuri ule! Kwa Rolly chembe moja hapa, nyingine kule, kama taa za kijiji. Kwangu, mji mzima umewaka!

Docteur Martine ameamua: cha Rolly kitalinganishwa na nyama nzima, changu na uvimbe. Miaka na miaka! Jina halitaandikwa, ni namba tu, hiyo ni sheria. Basi nimewaambia watu wote namba yangu.

Nilimshukuru Orpha. Akafuta macho, akasema kama kwa kaka yake, “Ya Yunus, rudi nyumbani upumuzike.” Wivu, lakini nimemsamehe. Jicho lake ni zuri. Kidole tumbo changu ndicho kilichomfundisha.

Jumatatu, tarehe 19

Docteur Martine anatangaza kichupa cha tatu kinakuja. Safari hii kipande cha kulinganisha kitakuwa tezi za koo. Orpha tayari anamtaja Rolly!

Tangu saa nne nimeanza kukohoa. Nimefunga shingo kwa shali ya Fatu. Docteur Casimir anapokea wagonjwa kesho asubuhi. Nitakuwa wa kwanza mlangoni.