Yah: Mama Yangu Kugeuzwa Ngazi

Kwa Mkurugenzi,
Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na ikiwezekana umeshakunywa chai, maana ina mambo mazito.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko mkabala na kituo cha mafuta, lina mlango wa bluu, na kwa miaka thelathini na mmoja sijawahi kumwandikia mkubwa yeyote barua ya malalamiko, hata siku waliponikatia umeme nikiwa na suti ya bwana harusi mezani. Lakini Jumamosi iliyopita, katika maonyesho yenu ya picha za makanisa ya zamani na viongozi wa mwanzo, niligundua kwamba ofisi yako imemfuta mama yangu mzazi.

Nieleze picha yenyewe, tusije tukagombania picha mbili tofauti. Ni ile ya siku ya kufunguliwa Kanisa la Mawe, kanisa la kwanza la Kiprotestanti mjini kwetu. Kiongozi wa Kwanza wa nchi amesimama mlangoni, kidole kimenyooshwa chini. Kulia kwake yupo mchungaji, kinywa wazi. Kushoto yupo waziri, ameinama, mikono yote miwili mbele. Askari nyuma yao ameinua mguu mmoja. Na mbele ya wote hao, katika nakala iliyoning'inia kwenye ukumbi wa kanisa tangu sijazaliwa, kuna kitu cheupe kama moshi.

Ule moshi ni mama. Alikuwa na miaka tisa, amevaa sare ya kwaya, na alikuwa anakimbia. Kamera ya siku ile ilitaka watu watulie kama wanaombewa, na mama yangu hajatulia hata siku moja tangu azaliwe.

Aliniambia mwenyewe nilipokuwa mdogo. Aliuonyesha ule moshi akasema, "Huyu ni mimi," kisha akanikanya nisimwambie mtu. Nikajua ni unyenyekevu. Ndivyo alivyo: ndiye aliyenifundisha kushona, na nilipofungua duka alinikabidhi mkasi wa marehemu bibi, naye fundi cherehani, ule mzito wenye mpini mweusi ninaoutumia hadi leo, bila sherehe wala hotuba.

Sasa mama amezeeka. Jicho moja limekwisha, na daktari anasema la pili nalo liko njiani. Nikaona kabla halijazimika, mama ajione ukutani pamoja na wakubwa wenzake. Nikamshonea gauni jipya, tukaja kwenu watu kumi na mmoja, wajukuu wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Tukafika mbele ya picha. Moshi hakuna! Chini mmeandika: "Picha hii imesafishwa na kuondolewa doa."

Mama aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo. Akatazama weee, akashusha pumzi ndefu, akageuka kuutafuta mlango. Ndugu Mkurugenzi, pumzi ile inanichoma mpaka leo. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mama yangu si doa. Amelea watoto sita na kuwasomesha wote. Doa gani linafanya hivyo?

2. Mahali pake mmeweka ngazi. Kanisa lile nimelipanda tangu utoto, lina ngazi tano. Kwenye picha yenu zimekuwa saba. Yaani mama amefutwa na ngazi mbili zimezaliwa. Nakuomba uelewe, mama yangu si ngazi.

3. Mkimwondoa mama, Kiongozi anaonyesha nini? Vitabu vya shule vinasema anatufundisha kwamba maendeleo huanzia chini. Binti yangu wa mwisho aliulizwa swali hilo kwenye mtihani, akajibu kwamba Kiongozi anamnyooshea kidole bibi yake. Akapigwa mkasi kwa kalamu nyekundu. Na si vitabu tu. Sanamu ya pale kwenye mzunguko wa barabara imechongwa kwa kufuata picha hii, na kile kidole cha shaba kinaelekea moja kwa moja kwenye mfuniko wa maji taka. Miaka yote hii Kiongozi wa Kwanza anatuonyesha mfuniko, na wageni wanakuja kupiga picha.

4. Hao wengine nao mmewaaibisha. Waziri bila mama anaonekana anaomba chochote. Ukimrudisha, unaona wazi anataka kumkumbatia mtoto. Mchungaji anaimba kwa furaha. Hata yule askari anacheza. Serikali nzima ilifurahi siku moja kwa ajili ya mtoto wa fundi cherehani, nanyi mmeifuta furaha hiyo. Hamkuona kwamba haijajirudia?

5. Mtembeza wageni wenu alitueleza kwamba Kiongozi alikataa kukata utepe, akaufungua kwa mikono yake kama ishara ya amani. Sipingi. Lakini mtu aliyeguswa na mtoto kiasi kile huenda alisahau tu mkasi ulipo.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ndiyo maana nadai mama awepo. Naomba arudishwe kwenye picha kabla jicho halijazimika, na maelezo ya chini yaseme: "Kiongozi wa Kwanza akimshangilia mwanakwaya." Naomba vitabu vyote vya shule vikusanywe na binti yangu apewe alama yake moja. Naomba pale kwenye mzunguko ijengwe sanamu ya mama, akikimbia, tena iwe ya moshi moshi hivyo hivyo, isimame juu ya mfuniko. Na siku ile ya ufunguzi iwe mapumziko ya taifa. Nikikosa siku nzima, hata mpaka saa sita mchana nitaridhika.

Nchi hii haikujengwa na waliotulia mbele ya kamera peke yao. Wapo waliosogea.

Nisalimie karani wako, mtembeza wageni, na mlinzi wa getini aliyempa mama kiti. Msalimie hata fundi wenu wa kompyuta aliyeisafisha picha, ingawa yeye nimemsamehe nusu tu.

Wako katika kuunga palipochanika,
Fundi wa Mlango wa Bluu

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimsomea mama barua hii. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akalia.

Anasema Kiongozi hakuwa anamshangilia. Alikuwa anasema, "Mkamateni huyo!" Waziri alikuwa anamdaka akamkosa, mchungaji alikuwa anaita mwizi, na askari ndio kwanza anaanza mbio. Utepe ulifunguliwa kwa mikono kwa sababu mkasi ulikuwa unateremka ngazi.

Bibi alishona sare arobaini za kwaya kwa ajili ya siku ile, na vitambaa vyote alivikata kwa wembe. Vidole vyake vilifungwa matambara, na kwenye ufunguzi hakualikwa. Mama akafika kanisani, akauona mkasi umelazwa juu ya mto mwekundu, unangojea kukata kipande kimoja cha utepe. Aliona ni uchoyo. Akampelekea mama yake.

Tangu siku hiyo anaiogopa picha. Pumzi ile ya Jumamosi, kumbe, ilikuwa ya kushukuru.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nilipo nimeukwangua mpini wa mkasi wangu kwa ukucha, na chini ya ule weusi kuna nembo ya serikali.

Kwa hiyo futa malalamiko namba moja hadi tano, na maombi yote pia. Ile alama moja ya binti yangu ipotee salama. Barua naituma kwa amri ya mama, maana anataka fundi wa kompyuta apewe shukrani zake, na mlango wa duka leo hii naupaka kijani.

Picha iko sawasawa, Ndugu Mkurugenzi. Zile ni ngazi. Nimezihesabu upya, ni saba.