Virusi vya Darasa la Sita

Jumatatu, 16 Juni 2003
Kompyuta ya shule imefika. Moja. Aliyetia sahihi kuipokea ni mimi, kwa hiyo ikipata neno, nimepata neno. Mwalimu Mkuu, Bwana Ndambuki, amenipa ufunguo wa chumba na cheo cha pili: karani na mwalimu wa kompyuta. Nilimkumbusha kwamba nilisoma kompyuta siku moja tu, kule Kajiado, na nusu ya siku hiyo stima ilikuwa imepotea. Akasema siku moja yatosha, mengine kazi itanifunza. "Hapa ni wia tu, karani. Wia tu." Mimi ni mtu wa Webuye, maneno ya Ukambani siyajui. Nikajibu ndiyo, bwana.

Ijumaa mkaguzi anakuja kutoka Kajiado kuona tunavyokuza ubunifu. Ijumaa hiyo hiyo miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha. Mama ameshatangaza kanisani kwamba nimethibitishwa kazini. Wakapiga makofi. Mtu hawezi kufukuzwa kazi makofi yakishapigwa.

Jumanne, 17 Juni
Somo la kwanza, darasa la sita. Limekwenda vizuri. Kompyuta niliiacha chini ya kitambaa cha kufuma alichonitumia Mama, maana vumbi la malori ya saruji halina adabu. Nikachora kompyuta ubaoni, wakanakili sehemu zake. Msichana mmoja, Resiato, akauliza tutaigusa lini. Nikamjibu kwamba ubunifu huanza na nidhamu.

Madam Dolphine, mwalimu wa sanaa, alikuwa dirishani. Akaniuliza, watoto wakisikia, kama mimi kuogelea pia nilifunzwa ubaoni. Darasa zima likacheka. Yeye amelelewa kando ya ziwa, ndiyo maana anawaza maji. Hapa Kitengela ni wapi mtu ataogelea? Jibu hili nimelipata saa kumi jioni, wakati haliwezi kunisaidia tena.

Jumatano, 18 Juni
Balaa. Nimewasha kompyuta asubuhi nikakuta faili kumi na nne nisizozijua. SAMPU. ARUS. KERI. MUGIE. SAMPU 2. Si Kiswahili, si Kiingereza. Kajiado tulionywa: virusi huja na majina ya ajabu, huzaana, na usithubutu kuvifungua. SAMPU 2 ni ushahidi tosha wa kuzaana.

Nimefuta zote. Kisha nikamwaga na pipa la taka, zisije zikafufuka. Nimeiokoa shule hii peke yangu na hakuna atakayenishukuru, kwa sababu naogopa kumwambia mtu.

Alhamisi, 19 Juni
Kumbe Mwalimu Mkuu ana ufunguo wa pili, na juzi alimpa Madam Dolphine bila kuniambia. Baada ya masomo watoto walichora kwenye kompyuta, kila mmoja ng'ombe wa kwao, wakampa jina la rangi yake kwa Kimaasai. Sampu ni mwenye michirizi. Mugie ni wa kahawia. Eti kila mtoto hapa anajua. Na mimi je, ni mtoto?

Resiato aliniuliza kwa upole Sampu wake amekwenda wapi. Nikamwambia ameliwa na virusi. Madam Dolphine akaingilia. "Virusi gani hivyo, ndugu yangu, vinavyokula ng'ombe peke yake?"

Usingizi hauji. Kule Kajiado hakuna mtu aliyetaja ng'ombe.

Ijumaa, 20 Juni
Mkaguzi amekuja. Akaomba kuona kazi za watoto. Kioo kitupu. Kabla sijafungua mdomo, Resiato alisema kazi zote zimefutika, akakaa akaanza upya: pembe, nundu, mchirizi mmoja mmoja. Hakuogopa hata kidogo. Akakosea mguu, akafuta, akachora mwingine, akacheka. Kwa dakika moja nilihisi kuna jambo pale la kujifunza. Kisha nikaona ameacha vumbi kwenye kibodi.

Wenzake wakapanga foleni. Mkaguzi akavua koti, akachora fahali wa baba yake, akasema miaka yote huonyeshwa kazi zilizopikwa tayari, leo ameona zikipikwa. Akauliza ni nani aliyefikiria kufuta kila kitu ili waanze mbele yake. Nikainua mkono. Nusu. Madam Dolphine alicheka mpaka akatafuta kiti, lakini hakusema.

Nimethibitishwa. Bwana Ndambuki amesema barua yangu ataichapa mwenyewe kwenye kompyuta jioni hii, naye ajifunze, na Jumatatu ataitoa kwenye karatasi na kuitia sahihi. Nimempigia Mama simu.

Jumatatu, 23 Juni
Nimefika kabla ya kengele. Mimi si yule wa wiki jana. Wikendi nzima nimekariri rangi za ng'ombe, nimeziandika daftarini, na jina la ng'ombe sitaligusa tena.

Nikawasha kompyuta. Ng'ombe wote wapo. Lakini kuna faili mpya ya Ijumaa jioni: WIA. Nikatazama daftari mara mbili. Hakuna ng'ombe wa rangi hiyo. Na jina lenyewe nimewahi kulisikia mahali, bila shaka katika orodha ya virusi ya Kajiado.

Sikuifungua. Nimeifuta, nikamwaga pipa, nikarudisha kitambaa. Sasa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, nangoja barua yangu. Nimevaa tai.