Jinsi Nilivyomfundisha Baba Kuinuka

Jumatatu, 4 Machi
Muuguzi amesema Ijumaa atatupima, mimi na Dada. Kila mmoja amtoe Baba kitandani, amkalishe kwenye kiti cha magurudumu. Nikifeli, Baba anahamia kwa Dada. Baba hataki kabisa: huko redio huzimwa saa mbili usiku. Nimemwambia asiwe na shaka. Tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto, miezi miwili sasa, mimi ndiye ninayemnyanyua kwa kumshika makwapani. Dada anasema nitamng'oa bega. Wivu!

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi kwa mwili wa Shemeji, mume wa Dada. Nilimwomba ajilegeze upande mmoja. Akajilegeza pande zote, akaniangukia. Kilo tisini! Mgongo umegoma. Dada akauliza kama Ijumaa wanapimwa wauguzaji au wapagazi. Nilikuwa sakafuni.

Jumatano, 6 Machi
Siwezi kunyanyua hata birika. Lakini akili haina mgongo. Mpango: kazi aifanye Baba. Nikikohoa mara moja, asogee ukingoni. Mara mbili, ainame mbele. Mara tatu, asimame kwa mguu mzima. Mimi nimshike kiuno na kukunja uso. Baba, kwa mdomo wake wa upande, akauliza: yaani jasho lake, sifa zangu? Nikasema ndiyo hivyo, mzee wangu, tumeelewana.

Alhamisi, 7 Machi
Mara kumi na moja! Mara ya mwisho alisimama kabla sijamfikia. Nikamkemea asizidishe, mtihani ni wangu. Akasema basi nikohoe vizuri, nakohoa kama mbuzi.

Ijumaa, 8 Machi
Dada alianza. Akaweka kiti upande wa mguu mzima, akafunga breki, akamfunga Baba mkanda kiunoni, akamuuliza kama yuko tayari. Mbwembwe tupu. Muuguzi aliweka alama ya vema kwenye kila mstari wa fomu yake.

Zamu yangu. Kabla sijamgusa Baba, Muuguzi akafunga breki mwenyewe. Sawa, heshima hiyo. Nikakohoa. Baba akasogea. Nikakohoa mara mbili, akainama. Muuguzi akaniomba nisimame pembeni, akauliza kifua kina muda gani. Nikakohoa tatu nikiwa ukutani. Baba akasimama, akageuka, akakaa kitini taratibu. Dada akaanza kulia. Muuguzi akamuuliza Baba nani kamfundisha. Baba akaninyooshea kidole.

Matokeo: mimi nimefeli, nisimnyanyue mtu yeyote. Lakini Baba hahitaji tena kunyanyuliwa. Anahitaji mtu wa kusimama karibu tu. Abaki kwake. Dada atakuja kila asubuhi kunifundisha. Baba akamwambia aje, ila redio asiiguse.

Jumamosi, 9 Machi
Dada kaja saa kumi na mbili na mkanda wake. Kanifunga mimi, kanivuta kutoka kitandani, anasema hilo ndilo somo la kwanza. Nimemsamehe. Mwanafunzi wangu amesimama peke yake. Wa Dada ni mimi, na mgongo bado unauma. Nani mwalimu hapo?

Mchana nilimtembelea jirani, mkewe amepata kiharusi wiki jana. Nimemwambia asihangaike kutafuta mtaalamu, Jumatatu naanza naye. Nitamwonyesha kila kitu isipokuwa breki. Sijui huwa ziko wapi.