Neno "Mteremko" Lilizaliwa Kwetu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kapata kazi ofisi ya kamusi! Ya majaribio, sawa, lakini kamusi ni kamusi. Tumbo hili ndilo lililomzaa. Anakusanya maneno ya mtaani, na wiki hii kapewa "mteremko": ile raha ya kukaa tu, mambo yanakujia bila jasho. Mkuu wake anataka ushahidi wa lilikotoka. Ukipatikana, ajira. Usipopatikana, arudi nyumbani. Nikamwambia lala mwanangu, mama yupo.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipata! Marehemu baba alikuwa msukuma mkokoteni. Akifika kilimani anapanda juu ya magunia, anashuka ameketi kama sultani, anapaza sauti: mteremko! (Baba alikuwa mshona magodoro. Lakini godoro nalo si raha?) Binti anasema shahidi mmoja hatoshi. Hatoshi? Mtaa mzima huu ni wangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimewafunza fundi viatu, dobi na shemeji. Neno kwa neno, kama ninavyosema mwenyewe. Dobi msumbufu, anataka kuongeza farasi. Nimemkatalia. Fundi viatu sasa anasimulia vizuri kuliko mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mkuu kaja mwenyewe na kinasa sauti. Fundi viatu akaanza: "Baba yangu mzazi, msukuma mkokoteni..." Dobi naye, baba yangu mzazi. Shemeji, ambaye baba yake yu hai na alikuwa ameketi palepale, naye baba yangu mzazi! Mkuu akauliza huyo mzee alijaliwa watoto wangapi. Mama yangu, aliyekuwa akikunja nguo mlangoni, akasimama taratibu.
"Hata mimi nataka kujua," akasema.
Binti hakunitazama. Akamweleza mkuu ukweli wote, mpaka magodoro.

Ijumaa, 7 Machi
Mama hanisemeshi. Binti kaajiriwa! Mkuu kasema aliye tayari kumuumbua mama yake kwa ajili ya neno moja, huyo ndiye wa kamusi. Damu yangu hiyo. Wameandika kwamba neno limetokana na njia ya kushuka, isiyomdai mtu nguvu. Basi. Hakuna baba, hakuna magunia.
Binti kaniomba kwa upole, "Mama, neno lijalo niachie." Nimekubali. Kisha nimekaa nikalitafuta kosa langu, na nimeliona: mashahidi watatu ni wachache mno. Kesho naonana na kwaya.