Bunda Juu ya Dari ya Chumba Namba Saba

Jumatatu, 3 Juni
Tangazo limebandikwa mlangoni. Jengo letu la zamani hapa chuoni litabomolewa Jumamosi. Ijumaa hafla ya kuliaga. Katikati, mitihani kama kawaida. Walimu wenzangu walipiga picha ngazini na kufuta machozi. Mimi nilikaa chini.

Juu ya dari ya chumba namba saba nimeficha bunda la mitihani ya fizikia ya miaka kumi na minne iliyopita. Paa lilivuja, karatasi zikalowa kabla sijazisahihisha, nikaogopa kusema. Nikatoa alama kwa kukumbuka sura. Waliokaa mbele, sabini. Waliokaa nyuma, arobaini na tatu. Mmoja wa wale wa nyuma leo ni mkuu wa idara yetu ya sayansi.

Mke wangu kauliza mbona sili. Nimesingizia jino.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima ngazi. Mtunza funguo, tunayemwita Darubini kwa kuwa hakuna kinachompita, akauliza ya nini. Nikasema napima dari kwa ajili ya kumbukumbu. Akafurahi mno. Alileta futi kamba yake, akanishikia ngazi saa mbili nzima, akisoma vipimo kwa sauti. Sasa najua urefu wa chumba. Bunda sijaligusa.

Jumatano, 5 Juni
Mtihani wa mwaka wa pili umefanyika humo humo. Nilijitolea kusimamia, nipate kulinda siri yangu. Kosa. Macho yangu yalikuwa yakipanda juu yenyewe. Dari imebonyea pale pale, au ni woga wangu? Baada ya nusu saa wanafunzi wote wakawa wanatazama juu. Binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama inaanguka. Nikajibu, "Bado." Chumba kikawa kitupu kabla sijameza mate.

Mkuu wa idara alikuja mwenyewe. Akaniuliza kwa upole nimeona nini. Upole wake unanitisha kuliko ukali. Kaagiza mafundi waikague dari kesho saa nne asubuhi.

Alhamisi, 6 Juni
Saa moja asubuhi nilishakuwa darini. Nikatambaa gizani, vumbi puani. Nikalipata. Nikalikumbatia. Ndipo ubao ukakatika. Bunda likatangulia chini, mguu wangu wa kushoto ukabaki unaning'inia chumbani.

Nikasikia watu wakiingia, wamevutwa na kishindo. Kisha Darubini akasema kiatu hicho anakijua.

Waliponishusha, mkuu wa idara alikuwa ameketi kwenye dawati, karatasi yake mkononi. Ina doa la maji, lakini inasomeka. Aliisoma yote, kurasa nane, sisi tumesimama.

"Nilijibu vizuri, mwalimu," akasema. "Nililia wiki nzima. Niliacha fizikia, nikahamia kemia, kwa sababu ya arobaini na tatu yako."

Hakupaza sauti. Nilitaka kusema samahani. Nikasema, "Mvua."

Ijumaa, 7 Juni
Hafla. Nilijibanza kiti cha nyuma kabisa. Nilijua atanitaja. Alipanda jukwaani, akasema katika jengo lile alijifunza kutoamini kila kinachoandikwa kumhusu. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Alinitazama mpaka makofi yakaisha.

Baadaye akaniita pembeni. Akasema watahiniwa wa mwaka ule walikuwa thelathini na wawili, yeye akiwemo. Kila mmoja nimwandikie barua kwa mkono wangu, nieleze ukweli wote. Jumatatu bodi ya chuo itazisoma, ndipo iamue kama nibaki kazini.

Nimemweleza mke wangu kila kitu. Akasema niandike kama ilivyokuwa, basi, nitapumua. Nimemwahidi.

Jumamosi, 8 Juni
Mashine ilianza saa tatu. Ukuta wa chumba namba saba ulianguka mara moja, bila kelele nyingi. Darubini alilia hadharani. Nami nikalia, na watu wakanipigapiga begani.

Jioni hii barua zote thelathini na mbili ziko tayari. Ukweli wote, isipokuwa sehemu ndogo: jinsi bunda lilivyofika darini. Nimeandika kwamba lile jengo, kwa uzee wake, lilikuwa na tabia ya kumeza karatasi.

Halipo tena kunikanusha.