Nafasi Inayovuja

"Hivi, nafasi ya kompyuta ikiisha, huwa inakwenda wapi?"

Swali hilo aliliuliza fundi cherehani siku moja, pini mdomoni, akimpigia kelele jirani yake wa ukuta mmoja, Mama Nakala, mwenye duka la kuchapisha.

"Ningejua si ningeifuata!" alijibu Mama Nakala. "Asubuhi nilikuwa nayo tele. Napakua mitihani ya shule, inayeyuka kama sabuni kwenye beseni. Na mwalimu mkuu anakuja saa kumi! Asipokuta karatasi zake, kazi ya shule anaipeleka duka la ng'ambo ya barabara."

Kwa fundi cherehani alikuwapo bwana mmoja akishonewa kifungo. Mjini walimwita Injinia. Alisomea wapi, hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe pia hakujua. Kifungo akakiacha kinaning'inia, akahamia duka la jirani. Mungu humpa kila kiumbe riziki yake, ila wengine hawana subira ya kupewa.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe wa Mama Nakala, aliyekuwa akifagia mlangoni.

"Marahaba. Kanyaga pembeni, hapo nimeshafagia."

Injinia akaweka mkoba wake wa ngozi mezani, akabandika sikio kwenye kompyuta, akafumba macho kama daktari.

"Dada, pole. Inavuja."

"Nini?"

"Nafasi. Mashine ikichoka hupata nyufa. Faili linaingia mbele, nafasi inatokea nyuma, inapotea hewani." Akatoa flashi nyekundu isiyo na kifuniko, aliyoiokota juzi kando ya mtaro. "Hii unaichomeka hapa, inakinga kila tone na kulirudisha. Na ikizidi," akashusha sauti, "unawauzia majirani."

Mama Nakala alikuwa na wasiwasi wa saa kumi, lakini hilo la majirani ndilo lililommaliza.

"Unataka nini, kaka?"

"Kwa kuwa ni wewe, ile printa kubwa tu."

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "printa ndiyo jembe lako."

"Mama, jembe bila shamba la nini? Nafasi ndiyo shamba!"

Wakakubaliana. Flashi ikachomekwa, Injinia akaenda kutafuta mkokoteni wa kubebea printa.

Mama mkwe akaegemeza ufagio. Miezi mitatu alikuwa akishinda pale dukani, na kutazama hakuna kodi.

"Mwanangu, kompyuta ikichelewa kupakua, mbona unabofya tena na tena, kama mtu anayempigia hodi kiziwi?"

"Ili isikie, mama."

"Basi inasikia kila mara. Mtihani wa hesabu peke yake nimeuona ukija mara ishirini na sita."

"Lakini za ziada nazitupa! Si lile pipa pale kwenye kioo?"

"Na pipa analimwaga nani?"

Mama Nakala akalikodolea macho lile pipa. Tangu duka lifunguliwe, halikuwa limemwagwa hata siku moja.

"Taka ikiwa pipani," alisema mama mkwe, "bado imo nyumbani."

Mama Nakala akabofya kulimwaga. Kompyuta ikakoroma kidogo, kisha mstari mwekundu wa kuonyesha nafasi ukageuka buluu, nusu nzima ya diski ikawa wazi. Akapakua mitihani, safari hii kwa kubofya mara moja moja, mikono ameikalia. Ikashuka yote. Printa ikaanza kutema karatasi.

Injinia aliporudi na mkokoteni, akaona ule mstari wa buluu. Miaka kumi na miwili alikuwa akidanganya watu, na haikupata kutokea uongo wake ukafanya kazi.

"Im... imekinga?"

"Flashi yako iko palepale ulipoichomeka," alisema mama mkwe. "Na nafasi unaiona. Mimi sina la kuongeza."

Injinia akaona mabenki, akaona viwanda, akaona maofisi ghorofa kwa ghorofa, yote yanavuja yakimsubiri.

"Mama, tulikosea kidogo. Bakini na printa, mimi nichukue flashi yangu."

"Kilichouzwa kimeuzwa, mwanangu."

"Naongeza saa yangu!"

"Saa tunayo ukutani."

"Na huu mkoba je? Ngozi tupu!"

Mama mkwe akaupokea, akauchungulia ndani. "Una mdomo mpana. Unafaa. Chukua flashi yako."

Saa kumi mwalimu mkuu alichukua mitihani yake ikiwa bado ya moto, akaagiza na ya muhula ujao.

Siku ya tatu Injinia akarudi, shati limepungua mkono mmoja.

"Mama, niambie ukweli. Pale duka la ng'ambo nimeichomeka siku mbili nzima, haikukinga hata tone. Wamenifukuza kwa rula."

Mama mkwe alizoa vipande vya karatasi, akavitia ndani ya mkoba wa ngozi uliosimama wazi nyuma ya mlango. Ulikuwa umefurika. Akautoa nje, akaumwaga jalalani, akaurudisha mahali pake.

"Pipa likijaa, mwanangu, humwagwa. Hata lile la kwenye kompyuta."

Injinia akatazama kioo. Akatazama mkoba. Akaidondosha flashi taratibu ndani ya mkoba, akatoka, akikanyaga pembeni.